Chumvi Anayo Nani

Profesa Eufrasia Mbano alikuwa ubaoni, chaki mkononi, akiwafokea wanafunzi wa mwaka wa tatu kwa kuruka hatua katika uthibitisho, simu ilipoita. Darasani kwake simu hazipokelewi. Aliyethubutu alitolewa nje, awe mwanafunzi, awe mkuu wa chuo, na mkuu wa chuo alishatolewa mara moja. Lakini jina lililotokea lilikuwa la Yusta, binti wa Damasi Kikoti wa kule Kilolo, na Yusta si mtu wa kupiga simu hovyo. Akapokea, akasikiliza, akasema, "Pole, mwanangu," akaitumbukiza chaki mfukoni mwa gauni, akatoka bila kuaga.

Damasi amefariki usingizini. Hakuugua, hakulalamika. Alikula vizuri, akacheka na mkewe, akalala, na asubuhi mkewe alipomgusa mguu akaukuta wa baridi.

Mtu mwingine angelia kwanza. Eufrasia alimpigia Yusta tena papo hapo, amesimama koridoni, akamuuliza swali ambalo msichana wa watu hakulitegemea. Usiku ule mlilala nyumbani akina nani? Yusta akajibu kwa mshangao kwamba walilala baba na mama tu, yeye alikuwa zamu hospitalini. Na bibi je? Yusta akamkumbusha kwa upole kwamba bibi walishamzika, na yeye Eufrasia, shangazi yake wa kuitana, alituma rambirambi. Eufrasia akaegemea ukuta.

Ili mtu aelewe kilichomfanya aegemee ukuta, lazima kwanza akijue kiazimo, ingawa siku hizi nani asiyekijua? Homa ya vumbi ilipopita nchini iliwaacha watu chungu nzima na mioyo inayojikwaa. Mioyo ya akiba haikuwapo. Ndipo kikatengenezwa kidude hicho cha ukubwa wa punje ya hindi, kikapandikizwa chini ya mtulinga wa kila mtu, mgonjwa na mzima. Kiazimo cha mwenye moyo mzima hutangaza pigo lake, na cha mwenye moyo mbovu hulisikia na kulifuata. Wanawake wawili wanatwanga kinu kimoja: mmoja akiujua mwendo, wa pili hapotei. Sauti yake haifiki mbali, ukuta wa nyumba unaizuia. Kwa hiyo mchana mtu anaazima kwa yeyote anayepishana naye, sokoni, kanisani, kazini. Usiku anaazima kwa wale anaolala nao nyumba moja, basi.

Ila hakuna daktari aliyethubutu kukiweka kifuani mwa mtu kabla haijajulikana kama mioyo inayoazimana, huyu kwa yule na yule kwa mwingine, haitaishia kuvurugana. Aliyelithibitisha hilo ni Eufrasia Mbano, binti wa mwalimu wa shule ya msingi Songea. Kanuni ya Mbano inasema kwamba katika kundi lolote, hata kuazimana kukipishana namna gani, mapigo yatatulia katika pigo moja salama. Wakampa Tuzo ya Kilele, ambayo hakuna mwanahisabati wa huku aliyewahi kuigusa. Wakaichora sura yake kwenye stempu. Mabinti waliozaliwa mwaka ule wakaitwa Eufrasia, maskini wa Mungu, na jina lenyewe halitamkiki.

Na watu walipona, hilo nalo lisemwe. Wazee waliokwisha kuaga watoto wao waliamka kitandani wakaenda shamba. Damasi mwenyewe alikuwa mmoja wao.

Sasa Damasi huyu. Alikuwa Mhehe, na Eufrasia Mngoni, na kwa anayejua mambo hayo inatosha. Makabila hayo ni watani tangu vita vya mababu. Mhehe na Mngoni wakikutana hawasalimiani kama watu, wanatukanana. Wanaingia jikoni kwa mwenzao na kufunua sufuria bila kuomba, na mwenye nyumba hakasiriki. Ukikasirika umevunja utani, na aliyevunja utani ni wa kuonewa huruma. Hawa wawili walifundisha hisabati idara moja miaka yote ile, na haikupita siku bila mmoja kumchamba mwenzake mpaka makarani wakaacha kazi kusikiliza.

Sherehe ya tuzo ilikuwa ukumbini, mawaziri wamekaa mbele na suti zao. Eufrasia akiwa katikati ya hotuba, Damasi akasimama bila kuitwa. Ukumbi ukaanza kucheka kabla hajafungua kinywa. Akasema huyu Mngoni, ambaye babu zake walikimbia vita kusini mpaka wakasahau viatu, leo anatuambia nyumba zote zitakula vizuri kwa kuazimana chumvi.

"Mimi mtani wake nauliza swali dogo," akasema. "Kama kila nyumba inaazima chumvi kwa jirani, na jirani naye anaazima, chumvi anayo nani?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Na Eufrasia, aliyezaliwa na kulelewa kwenye utani, akamjibu hapo hapo: "Kaa chini, mla mbwa. Tangu lini nyama yenu ikahitaji chumvi?" Mawaziri walicheka mpaka wakafuta machozi. Hata wapinzani wa chuo kile walikubali kwamba siku hiyo ilifana.

Baadaye Damasi alikuja ofisini kwa Eufrasia, mara moja, akakaa kwenye kiti cha wageni akiwa kimya. Damasi kimya! Eufrasia akamuuliza kama amekuja kuomba mfupa. Damasi akamtazama, kisha akacheka, akasema ndiyo, mfupa wa paja. Wakachambana kidogo, akaondoka. Mpaka leo Eufrasia hajui alikuja na nini siku ile. Kwa miaka yote ya urafiki wao hawakuwahi kuzungumza jambo zito ana kwa ana, hawakuwa na lugha yake.

Pale koridoni hakuhitaji kufungua kitabu. Mstari wa nne wa uthibitisho wake aliujua kama Baba Yetu: *chukua moyo mmoja katika kundi, usioazima.* Aliuandika bila kufikiri. Enzi hizo kila nyumba ilikuwa na mzima wake, bibi aliyenusurika homa, mtoto ambaye hajaugua. Nyumba isiyo na mzima hata mmoja haikumjia akilini, wala haikuwajia walioukagua uthibitisho kwa niaba ya dunia nzima. Lakini homa ilirudi mara ya pili, na ya tatu. Wazima wakafa kwa uzee. Mama yake Damasi alikuwa ndiye chumvi ya nyumba ile. Walipomzika wakabaki wawili walioazimana, kila mmoja akimfuata mwenzake, pigo likipungua kidogo kidogo usiku baada ya usiku, mpaka likamwishia mmoja wao.

Na matanga yakiisha, waombolezaji wakienda zao, Mama Yusta na Yusta watalala peke yao katika nyumba hiyo hiyo. Na wote wawili wanaazima.

*

Kabla ya kupanda gari la Iringa, Eufrasia alikwenda Shirika la Mapigo kumwona Daktari Shelukindo. Mkurugenzi huyo alikuwa Msambaa mpole mwenye sauti ya chini, na hakuna aliyewahi kumsikia akigombana na mtu. Eufrasia alimweleza yote amesimama. Alitegemea mshtuko. Shelukindo akainuka, akafunga mlango, akamvutia kiti.

Alikuwa anajua. Walianza kushuku muda mrefu, vifo vya usingizini vilipoongezeka katika nyumba za aina moja. Mafundi wake walikuwa wanatengeneza kiazimo kipya chenye pigo lake chenyewe, kisichomtegemea jirani. Kingechukua miaka kuwafikia watu wote. Eufrasia akamuuliza kwa hasira kwa nini watu hawaambiwi basi, katika kipindi hiki cha kungoja, walau waende kulala kwa ndugu wenye wazima.

Shelukindo hakumkatiza. Eufrasia alipomaliza, akamsimulia habari ya soko moja, ambalo hakulitaja jina, ambako mtu alipiga kelele za moto. Moto wenyewe haukuwapo. Lakini moyo wa aliyepiga kelele ulikuwa mzima na wenye nguvu, ukashtuka, na wote waliokuwa wanaazima kwake wakashtuka pamoja nao, hata walio upande wa pili wa soko ambao hawakusikia neno. Mioyo mibovu haiwezi mwendo ule. Waliokota watu chini ya meza za nyanya.

"Hofu nayo inaazimwa, Profesa," akasema. "Ukitangaza leo redioni, wanakufa leo. Tukinyamaza, wanakufa mmoja mmoja, na wengine tutawawahi. Mwenye hesabu ni wewe. Piga."

Eufrasia akapiga. Akapiga tena kwa njia nyingine, maana hakulipenda jibu, na jibu likabaki lile lile. Akamuuliza, na Mama Yusta je? Shelukindo akatazama mikono yake. Akasema dada yake mwenyewe analala nyumba ya namna hiyo huko Lushoto, na kila asubuhi yeye humpigia simu kumuuliza habari za migomba. Hajamwambia. Akamwomba Eufrasia akamzike rafiki yake na arudi salama.

Eufrasia alitoka pale akimchukia yule mtu. Alipofika kwenye gari alikwishaacha kumchukia, na hapo ndipo ilipomuuma zaidi.

*

Kilolo ilikuwa na ukungu na baridi ya kukata masikio, miti ya misindano ikichuruzika maji. Msiba ulikuwa mkubwa. Wanawake walikuwa wamekaa ndani na Mama Yusta, wanaume nje kwenye moto wakinywa ulanzi, pombe ya mianzi, na kila aliyeingia alipokewa kwa salamu ya Kihehe, "Kamwene." Eufrasia alipotokea uani, mtu akapaza sauti kwamba Mngoni amefika, ficheni vyombo, na watu wakacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Walikuwa wanamngoja. Msiba wa Mhehe bila mtani kuuvuruga unahesabiwa msiba wa mtu aliyekosa watu.

Akafanya kazi yake. Nani mwingine angeifanya? Alivaa koti la marehemu ndani nje, akatia miwani yake puani, akatembea uani mguu nje mguu ndani kama Damasi alivyotembea, akiwauliza wafiwa wamwonyeshe mbwa wa mchuzi. Wajane wazee walishika mbavu. Mama Yusta mwenyewe, macho yamemvimba, akacheka kwikwi chini ya kanga. Na muda wote huo Eufrasia alikuwa anajua kwamba mioyo yote ile inamsikiliza. Alikuwa na moyo mzima, kama ng'ombe wa kulimia, madaktari walimwambia hivyo kila mwaka. Katika ua ule, wengi walikuwa wanatembea na pigo lake.

Wazo lilimjia hapo hapo, amevaa koti ndani nje. Mtani msibani husema lolote na hakuna anayeogopa. Basi ndipo mahali pa kulisema, walisikie wakiwa wanacheka, mioyo yao imetulia. Alijiona ana akili sana.

Jeneza lilipofikishwa makaburini, Eufrasia akaruka ndani ya kaburi. Hilo nalo ni desturi, mtani hulizuia kaburi mpaka apewe kitu, ndipo marehemu alale. Watu wakashangilia. Akasimama kwenye udongo mwekundu uliomfika mabegani, akatangaza kwamba hazikwi mtu hapa.

"Mla mbwa huyu hakufa kwa amri ya Mungu," akasema. "Nimemuua mimi na kanuni yangu."

Vigelegele. Akaendelea, akiwaambia kwamba kanuni waliyompa tuzo ina tundu la kupita tembo. Kwamba nyumba ambayo wote wanaazima haina pa kuazima. Kwamba Damasi alimwambia mbele za watu wote naye akamjibu upuuzi. Na mlevi mmoja kutoka nyuma, anayeikumbuka hadithi ile kwa sababu Damasi aliisimulia vilabu vyote vya ulanzi, akaitikia: "Chumvi anayo nani!" Umati wote ukaidaka. Chumvi anayo nani, chumvi anayo nani, wakipiga makofi. Ukweli wote ulikuwa vinywani mwao, wanauimba, na hakuna hata mmoja aliyeusikia.

Mzee Mgongolwa, kaka wa marehemu, akaja ukingoni na kuku, kama inavyotakiwa. Eufrasia akamkataa. Akaletewa ulanzi kibuyu kizima. Akakataa. Watu wakacheka, huyu Mngoni ana tamaa! Wakamletea mbuzi. Mtani hukataa mara ya kwanza na ya pili kwa kunogesha, ya tatu hupokea, hata awe chizi namna gani. Eufrasia akakataa ya tatu.

Kicheko kikafa, kikianzia kwa waliosimama mbele.

Yusta akachuchumaa ukingoni mwa kaburi. Alikuwa muuguzi, wodini alikuwa amewaona waliofikishwa asubuhi kutoka nyumba za watu wawili au watatu, na pengine alikwisha kujiuliza. "Shangazi," akasema taratibu, "unatania?"

"Sitanii, mwanangu."

Yusta akapeleka mkono kifuani. Halafu Mama Yusta. Halafu Mzee Mgongolwa, mbuzi akamponyoka. Na wale wa nyuma kabisa, wanaume waliokuwa wanaongea habari zao za viazi na hawakusikia kitu, wakanyamaza ghafla na kushika vifua vyao, wakitazamana. Bibi mmoja akakaa chini matopeni kama mtu aliyevutwa. Eufrasia akaisikia ngoma ndani yake mwenyewe, ikienda mbio, na akaelewa kwamba wanachoazima ni hofu yake. Ni yeye. Yule mpiga kelele wa sokoni alikuwa yeye.

Akavua miwani ya marehemu. Akavuta pumzi ndefu, moja, nyingine, akiuomba moyo wake kama mtu anavyombembeleza mtoto. Kisha akapaza sauti. "Haya, mbona mmepauka? Wahehe gani nyinyi, kuogopa mwanamke aliye shimoni? Nileteeni mbuzi wangu! Na huyo mla mbwa mlazeni kichwa chini, asije akatoka usiku kunusa majiko ya watu!"

Mtu mmoja akacheka. Mwingine akafuata. Kicheko kikarudi, kwanza cha woga, kisha cha kweli, kikubwa kuliko cha mwanzo, maana hakuna kicheko kama cha mtu aliyedhani amekufa. Eufrasia alichamba na kuchamba, aliwatukana mababu wa Damasi mpaka wa saba, machozi yakimtiririka hadi kidevuni, na watu wakasema lo, huyu mtani anajua kazi, analia na kuchekesha kwa pamoja. Bibi wa matopeni akainuliwa, yuko hai. Mioyo ikatulia juu ya pigo moja salama.

Ni Yusta tu ambaye hakucheka. Alinyoosha mkono akamvuta shangazi yake kutoka kaburini, na alipomshika kiganja hakukiachia upesi.

*

Matanga yalipokwisha, waombolezaji walianua maturubai, wakagawana sufuria zao, wakaaga. Kufikia jioni ua ulikuwa mtupu. Eufrasia alikuwa amempigia Shelukindo kumwambia kwamba harudi, na Shelukindo hakumuuliza sababu. Alimtakia usiku mwema tu.

Yusta alitandika kitanda cha bibi. Alitandika kwa makini, akachomeka shuka pembeni kama wafanyavyo hospitali, kisha akasema bila kugeuka, "Utalala humu, shangazi. Mama hajui. Nimemwambia unaogopa kulala peke yako mjini."

Eufrasia akasema ni kweli, anaogopa.

Walikuwa mezani, viazi vinafuka moshi, mlango ulipogongwa. Alikuwa jirani wa ng'ambo ya bonde, mwanamke wa makamo ambaye pale makaburini alisimama mbele na kulisikia kila neno. Amejitwika godoro lililofungwa kwa kamba. Nyuma yake watoto wawili na mzee anayekohoa. Akasalimia. Akaeleza, akitazama sakafu, kwamba kwao paa linavuja, na mvua haikuwa imenyesha.

Mama Yusta, ambaye hakujua lolote, akawakaribisha kwa furaha, nyumba ilikuwa imemwelemea kwa ukimya. Akaanza kusogeza viti. Yusta alimtazama Eufrasia juu ya kichwa cha mama yake, na Eufrasia akatazama nje kupitia mlango uliobaki wazi. Kwenye njia ya kutoka bondeni, katika ukungu, taa nyingine tatu au nne zilikuwa zinapanda taratibu kuelekea nyumba ile.

Moyo mmoja mzima hubeba mingapi? Hilo hakuwahi kulithibitisha, wala hakuna aliyewahi kumuuliza. Akavuta miguu chini ya meza ili watoto wapite, akaweka mkono kifuani, akaanza kuhesabu.